Kuongezea Nguvu au Kubadilisha? Kompyuta ya Nyumbani Kama Somo la Kufanya Uamuzi

1. Utangulizi

Kompyuta imekwisha kuwa zana ya kazi ya mwalimu, sawa na chaki na daftari la maandalio. Mwalimu anayeishi Moshono, upande wa mashariki wa Jiji la Arusha, huitumia nyumbani wakati wa jioni kuandika maazimio ya kazi, kutunga mitihani, kujumlisha alama, na kusoma vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Baada ya miaka kadhaa zana hiyo huanza kuchoka. Huchukua dakika nyingi kuwaka, na pengine huganda mtihani ukiwa umefika nusu. Hapo ndipo huzuka swali: je, aiongezee nguvu kwa kubadilisha baadhi ya vipuri, au ainunue nyingine?

Swali hili si dogo. Fedha zinazohusika huenda zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya ada ya mtoto au mabati ya nyumba. Tena ni swali ambalo mwalimu huulizwa na watu wengine: mkuu wa shule, wazazi wa wanafunzi wake, na majirani wanaodhani kwamba kila mwalimu ni mjuzi wa mashine. Akijibu kwa kubahatisha, hasara inakuwa ya wengi.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yataeleza utaratibu wa kufikia uamuzi huo. Pili, yataonyesha jinsi utaratibu huo unavyoweza kufundishwa darasani, hata katika shule isiyokuwa na kompyuta. Hoja yetu kuu ni kwamba umri wa mashine si jibu. Anayeanza na umri huruka maswali yote ya maana. Uamuzi ulio sahihi huanza na kazi inayotakiwa kufanywa, kisha hutafuta kizuizi, kisha hupima ukomo wa mashine, na mwisho hukokotoa gharama kwa kila mwaka wa matumizi. Mpangilio wa hatua hizi una umuhimu sawa na hatua zenyewe.

2. Swali lisilo geni nchini

Swali la kama kompyuta inastahili fedha inayotumika juu yake lina historia ndefu katika nchi yetu. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, kufuatia matatizo yaliyotokea katika kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine hizo, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa hatua kwa hatua katika miaka iliyofuata. Funzo la historia hiyo ni kwamba mashine inaweza kuwa nzima na bado isimfae mwenye nayo, iwapo kazi na watu wa kuitenda hawakuandaliwa kwanza.

Kwa upande wa mashine zenyewe, mabadiliko yamekuwa ya kasi. Mwaka 1965 mhandisi wa Marekani, Gordon Moore, alitabiri kwamba idadi ya vijenzi katika kipande kimoja cha silikoni ingeongezeka maradufu kila mwaka; mwaka 1975 aliurekebisha utabiri huo kuwa kila miaka miwili. Utabiri wake ulitimia kwa miongo mingi, na ndio uliowazoesha watu kuamini kwamba kompyuta ya miaka mitano iliyopita ni takataka. Lakini kazi ya mwalimu haikuongezeka maradufu kila miaka miwili. Andalio la somo lenye kurasa mbili bado lina kurasa mbili. Pengo hili kati ya ukuaji wa mashine na ukuaji wa kazi ndilo linalofanya mashine nyingi za zamani ziendelee kufaa.

3. Hatua ya kwanza: kuorodhesha kazi

Mwalimu achukue karatasi na aandike kazi zote ambazo amezifanya kwa kompyuta katika mwezi mmoja uliopita, na zile anazotarajia kuzifanya katika miaka mitatu ijayo. Asiandike maneno ya jumla kama vile "matumizi ya ofisini." Aandike: kuchapa mtihani wenye michoro, kujumlisha alama za wanafunzi 90, kutazama video za masomo ya sayansi, kuhudhuria mkutano wa walimu kwa njia ya mtandao.

Mbele ya kila kazi aweke alama moja kati ya tatu: inafanyika vizuri, inafanyika kwa shida, haifanyiki kabisa. Orodha hiyo mara nyingi hushangaza. Huenda ikaonekana kwamba kazi zote zinafanyika vizuri isipokuwa moja, na kwamba hiyo moja yaweza kuhamishiwa kwenye kifaa kingine. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, kwa mfano, viligawiwa baadaye kwa walimu. Mwenye kishikwambi kizima anaweza kukitumia kwa mikutano na video, na kuiachia kompyuta yake ya zamani kazi ya kuchapa. Hapo swali la kununua huenda likatoweka lenyewe.

4. Hatua ya pili: kutafuta kizuizi

Wakulima wa miteremko ya Mlima Meru wanaomwagilia kwa mifereji wanaijua kanuni hii vizuri. Maji yakipungua shambani, mkulima hapanui mfereji wote. Hupanda juu kuufuata mpaka apaone mahali palipoziba. Akipanua sehemu ya chini huku mawe yamejaa kwenye chanzo, atakuwa amechoka bure. Kompyuta nayo ni mfereji: kasi ya mashine nzima hutawaliwa na sehemu yake iliyo finyu kuliko zote.

Sehemu zinazohusika hasa ni tatu. Ya kwanza ni prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu zote. Ya pili ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita RAM. Hiyo ni kama meza ambayo juu yake huwekwa vitabu vinavyosomwa kwa wakati huo, na umeme ukizimwa meza hubaki tupu. Ya tatu ni diski, yaani kabati ambamo vitabu vyote huhifadhiwa. Meza ikijaa, kompyuta hulazimika kurudisha vitabu kabatini na kuvitoa tena kila mara. Hapo ndipo mwenye mashine husema kwamba imeganda.

Diski za zamani ni sahani za sumaku zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, nazo husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. Diski za kisasa, ambazo mafundi huziita SSD, hazina kitu kinachozunguka. Hata zile za kawaida, zinazoingia katika nafasi ile ile ya diski ya zamani, husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, na katika kuchukua mafaili madogo madogo yaliyotawanyika tofauti huwa kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo, kompyuta nyingi za zamani zinazochelewa kuwaka hupona kwa kubadilishiwa diski peke yake.

Kizuizi kitafutwe kwa kupima. Katika kompyuta yenye Windows, mwalimu abonye kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha kwa asilimia jinsi prosesa, kumbukumbu na diski zinavyotumika. Aanze kazi ile inayomsumbua, kisha atazame. Diski ikikaa karibu na asilimia 100 huku prosesa ikiwa chini ya 30, kizuizi hakiko kwenye prosesa. Kumbukumbu ikipita asilimia 90 kila afunguapo maandishi mawili na kurasa chache za mtandao, meza ni ndogo.

Zipo dalili nyingine zisizohitaji kipuri cha thamani. Kompyuta inayoanza vizuri na kupunguza mwendo baada ya nusu saa, huku feni ikivuma kwa nguvu, yawezekana imejaa vumbi. Inayosahau tarehe kila izimwapo huhitaji betri ndogo ya duara ya volti 3 iliyo juu ya ubao mama. Inayokwenda polepole katika mtandao tu haina kosa. Kosa ni la mtandao. Na iliyojaa virusi vilivyoletwa na flashi za shuleni huhitaji kusafishwa na kuwekewa mfumo endeshi upya. Mtu aliyenunua kompyuta mpya kwa sababu ya vumbi au virusi atakutana na maradhi yale yale mwakani.

5. Hatua ya tatu: kupima ukomo wa mashine

Kila mashine ina dari. Kabla ya kununua kipuri chochote, yafaa kujua dari hiyo iko wapi.

Kumbukumbu hutengenezwa kwa vizazi, na vizazi havichanganyiki: kipande cha DDR3 hakiingii katika nafasi ya DDR4, kwa kuwa pengo lililokatwa kwenye ukingo wake liko mahali tofauti. Ubao mama nao una idadi maalumu ya nafasi na kiasi cha juu kabisa unachoweza kupokea. Tena, mfumo endeshi wa biti 32 kwa kawaida hautumii zaidi ya gigabaiti 4, hata mwenye mashine akiongeza mara mbili ya hapo. Katika baadhi ya kompyuta mpakato nyembamba, kumbukumbu imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama na haiwezi kuongezwa kamwe.

Prosesa ndiyo dari iliyo ngumu kuliko zote. Katika kompyuta mpakato za miaka ya karibuni imechomelewa. Katika kompyuta za mezani inaweza kutolewa, lakini prosesa ya kizazi kipya mara nyingi hudai ubao mama mpya, na ubao mama mpya hudai kumbukumbu mpya. Anayefika hapo amekwisha kununua kompyuta nyingine kwa vipande, na pengine kwa bei ya juu zaidi.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kizuizi kikiwa kwenye diski au kumbukumbu, na dari ikiwa bado juu, mashine iongezewe nguvu. Kizuizi kikiwa kwenye prosesa, au ubao mama ukiwa umeanza kufa, ibadilishwe.

6. Mwisho wa mfumo endeshi si mwisho wa kompyuta

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, ikaweka mpango wa nyongeza wa marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026. Windows 11 hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni. Kwa prosesa za Intel orodha hiyo huanzia, kwa kawaida, kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017. Mashine nyingi zilizo nzima zimeachwa nje ya orodha hiyo.

Watu wengi wamelitafsiri tangazo hilo kuwa hukumu ya kifo kwa kompyuta zao. Tafsiri hiyo si sahihi. Kilichokwisha ni huduma ya programu moja. Hatari iliyopo ni ya kweli, maana mfumo usiopata marekebisho ya usalama haufai kuunganishwa na mtandao kwa muda mrefu, hasa ukiwa umebeba alama za wanafunzi. Lakini dawa ya hatari hiyo si lazima iwe mashine mpya. Mifumo ya Linux, kama vile Ubuntu na Linux Mint, hutolewa bila malipo, huendelea kupata marekebisho, na hufanya kazi vizuri katika kompyuta nyingi zisizokubaliwa na Windows 11. Programu ya LibreOffice huchapa barua, hujumlisha alama na huandaa slaidi.

Njia hii si ngeni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kutokana na programu huria. Hata hivyo mwalimu asihame bila kuchunguza. Mpangilio wa kurasa zilizochapwa kwa programu nyingine huweza kuvurugika kidogo, na kama kazi yake inategemea programu inayoendeshwa na Windows peke yake, Linux haitamfaa. Arudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza, ndiyo hakimu.

7. Hatua ya nne: gharama kwa mwaka wa matumizi

Bei ya kununulia peke yake hudanganya. Kipimo kilicho bora ni gharama yote ikigawanywa kwa miaka ambayo mashine itatumika. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Mwalimu aweke badala yake bei atakazotajiwa na mafundi wa mjini wakati huo.

Tuseme diski ya kisasa, kumbukumbu na kazi ya fundi ni jumla ya shilingi 180,000, na mashine inatarajiwa kufaa kwa miaka mitatu zaidi. Gharama kwa mwaka ni shilingi 60,000. Tuseme tena kompyuta nyingine ni shilingi 540,000, ya zamani ikauzwa kwa 60,000, na hiyo nyingine ikafaa kwa miaka sita. Gharama halisi ni 480,000, yaani shilingi 80,000 kwa mwaka. Hapa kuongezea nguvu kunashinda.

Lakini hesabu haijaisha. Swali la maana ni hili: je, mashine iliyoongezewa nguvu lazima idumu kwa muda gani ili isiwe hasara? Tugawe 180,000 kwa 80,000. Tunapata miaka miwili na robo. Ikifa kabla ya hapo, mwenye nayo amepoteza. Na kama katika miaka ile mitatu itadai tengenezo jingine la shilingi 150,000, jumla inakuwa 330,000, sawa na shilingi 110,000 kwa mwaka. Mtego uko hapa. Matengenezo huja moja moja, kila moja likionekana dogo, na hakuna anayeyajumlisha. Inafaa kila mwenye kompyuta awe na daftari la matengenezo, kama wenye magari wanavyofanya.

Kipuri kinachoweza kuhamishwa hupunguza hatari hiyo. Diski ya kisasa iliyonunuliwa leo inaweza kutolewa kesho na kuwekwa katika kompyuta nyingine yenye nafasi ya aina hiyo. Kumbukumbu ya kizazi cha zamani haihamiki kwa urahisi. Basi mwenye shaka aanze na diski.

8. Mazingira ya Moshono

Hakuna mashine inayofanya kazi nje ya mazingira yake. Hewa ya Arusha, mji ulioko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ni ya baridi kiasi, na hilo ni faida kwa kompyuta kuliko joto la pwani. Lakini udongo wa miteremko ya Meru umetokana na volkano, na wakati wa kiangazi vumbi lake laini hupenya kila mahali. Kompyuta iliyoko karibu na barabara ya udongo ifunguliwe na kusafishwa walau mara mbili kwa mwaka, kwa brashi laini, ikiwa imechomolewa kwenye umeme.

Jambo la pili ni umeme. Kukatika kwa ghafla huweza kuharibu mafaili yaliyokuwa yakiandikwa, na kurudi kwake kwa kishindo huumiza kisanduku cha umeme cha kompyuta. Wakati wa masika radi huongeza hatari. Mwenye kompyuta ya mezani anahitaji kifaa cha kuhifadhi umeme cha UPS, na bei yake lazima iingizwe katika hesabu ya kuiendeleza mashine hiyo. Kompyuta mpakato ina betri yake mwenyewe. Aidha, ikiwa kompyuta ya mezani na kioo chake hutumia wati 100 na kompyuta mpakato wati 30, tofauti ya wati 70 kwa saa nne kwa siku katika siku 300 ni uniti 84 kwa mwaka. Mwalimu azidishe kwa bei ya uniti anayolipa. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika mara kwa mara, hoja hizi mbili zinaweza kuugeuza uamuzi hata pale ambapo mashine ya zamani haina ugonjwa mwingine.

9. Amana iliyomo ndani ya mashine

Kompyuta ya mwalimu ina kitu cha thamani kuliko vipuri vyake: majina, alama na habari za watoto wa watu. Kabla ya fundi kuigusa, mafaili yote yanakiliwe mahali pawili tofauti. Diski inayokufa haingoji mtihani wa muhula uishe.

Vilevile, kufuta faili si kuliondoa. Faili lililofutwa kwa njia ya kawaida huweza kurudishwa na mtu mwenye programu inayofaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamdai anayeshika taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo anayeiuza kompyuta yake aibakize diski ya zamani mikononi mwake, au aifute kwa programu maalumu ya kufuta kabisa.

Mashine isiyofaa tena isitupwe kwenye korongo wala nyaya zake zisichomwe nyuma ya migomba. Ndani yake mna risasi na sumu nyingine, na maji ya mvua kutoka mlimani huteremka kuelekea mashamba na visima vya walioko chini. Kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki zilitungwa mwaka 2021 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Hata kabla ya kufikia sheria, kompyuta iliyokufa ni zana nzuri ya kufundishia; ikifunguliwa na kuwekwa mezani, wanafunzi huona kwa macho yale ambayo kitabu huyaeleza kwa michoro.

10. Kufundisha uamuzi huu darasani

Somo linalopendekezwa huchukua vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80. Lengo mahususi ni mwanafunzi aweze kutambua kizuizi katika mfumo, na kueleza kwa tarakimu kwa nini kuboresha sehemu isiyo kizuizi hakuleti faida kubwa. Hakuna kompyuta inayohitajika. Zana ni saa, meza moja, na kadi nane zenye namba 1 hadi 8, kila kadi ikiwa imeandikwa tarakimu mbili upande wa nyuma.

Mwanafunzi mmoja ni prosesa, naye huketi mezani. Wa pili ni diski. Husimama naye mezani, na huzitunza kadi nyuma ya darasa. Wa tatu husoma orodha: hutaja namba ya kadi, na namba ya kujumlisha na ile iliyo nyuma ya kadi. Kadi hutajwa kwa mfuatano wa 1 hadi 8, mara tatu, yaani miito 24. Meza inaruhusiwa kuwa na kadi nne tu. Ya tano ikihitajika, iliyokaa muda mrefu kuliko zote hurudishwa. Kwa mpango huo, kila kadi inapoitwa tena imekwisha kuondoka mezani, hivyo safari ni 24. Safari moja ikichukua sekunde 10 na hesabu moja sekunde 5, kazi yote ni sekunde 360, yaani dakika 6.

Mwalimu awaulize wanafunzi wakisie: tuboreshe nini? Wengi watasema tumtafute mwanafunzi hodari wa hesabu. Na wajaribu. Akijumlisha kwa sekunde 2 badala ya 5, kazi huchukua sekunde 288. Kisha mjumlishaji wa kwanza arudi, na meza iruhusiwe kuwa na kadi zote nane. Safari sasa ni 8 tu, na muda ni sekunde 200. Kisha meza irudi kuwa ndogo, lakini kadi zisogezwe hadi safari iwe sekunde 2. Muda ni sekunde 168. Mwisho, meza iwe kubwa na kadi ziwe karibu; muda ni sekunde 136.

Hapo somo hufikia kiini chake. Kati ya sekunde hizo 136, sekunde 120 sasa ni za kujumlisha. Kizuizi kimehama. Mjumlishaji hodari, ambaye mwanzoni alisaidia kidogo, sasa angeishusha kazi hadi sekunde 64. Mwalimu aulize: na kama mjumlishaji amefungwa kwenye kiti chake kwa risasi, hawezi kubadilishwa? Wanafunzi watalitamka jibu wenyewe: tumefika kwenye dari, na kama sekunde 136 hazitutoshi, inatubidi tutafute kompyuta nyingine.

Muda halisi wa darasani hautalingana na tarakimu hizi, kwa kuwa watoto hujikwaa, hucheka na hukosea. Hilo lisimtie mwalimu wasiwasi. Kinachotafutwa ni mpangilio wa matokeo, na kila kundi liandike kipimo chake katika jedwali kabla ya mjadala.

Katika kipindi kinachofuata, wanafunzi wapewe hesabu ya sehemu ya saba, wakiwa na bei walizoziuliza wenyewe, wajadili kwa makundi. Makundi mawili yanaweza kufikia uamuzi tofauti na yote mawili yakawa sahihi, kwa kuwa kazi zao na umeme wao si sawa. Mwalimu asahihishe hoja na hesabu, asisahihishe uamuzi.

11. Hatima

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka elimu imjengee kijana akili ya kudadisi na uwezo wa kuchagua yanayofaa mahitaji yake kutokana na yale ya wengine. Duka la kompyuta ni mahali ambapo akili hiyo hujaribiwa kila siku. Muuzaji atasema mashine ya zamani imepitwa na wakati; fundi wa vipuri atasema bado ni nzima. Kila mmoja anasema kulingana na anachouza. Mwalimu aliyeorodhesha kazi zake, akapima, akaijua dari na akakokotoa, anaweza kuwasikiliza wote wawili kwa adabu na kuamua mwenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Katika mchezo wa kadi, muda utakuwa sekunde ngapi iwapo meza itaruhusiwa kuwa na kadi nane, safari iwe sekunde 10, na hesabu iwe sekunde 2? Kizuizi kiko wapi?
2. Shule ina kompyuta kumi za mezani zenye diski za sumaku na fedha za kununulia ama diski kumi za kisasa ama kompyuta mbili mpya. Ni habari gani zinazohitajika kabla ya kuamua?
3. Taja kazi moja ya shuleni isiyohusu kompyuta ambayo kasi yake hutawaliwa na kizuizi kimoja. Ungekipimaje?